Liturujia au ibada huru: wapi utamwabudu Mungu kweli?

Kijana aliyekulia usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) kule Machame anapata kazi Dar es Salaam, anapanga chumba Mbezi, na Jumapili ya kwanza anagundua kuwa mtaani hapo ana makanisa ya kuchagua. Moja lina kengele, kwaya za sare na ibada ya kwanza inayoanza asubuhi na mapema na kuisha kabla jua halijawa kali. Jingine ni banda la mabati, spika zimeelekezwa barabarani, na ibada itaisha Roho akiruhusu. Jirani anamwambia kule kwenye kengele hakuna Roho, watu wanasoma vitabu tu. Mama yake, kwenye simu, anamwambia kule kwenye spika ni vurugu, asije akapotea. Wote wawili wana uhakika, na wote wawili wanalijua kanisa la mwenzao kwa kulisikia kutoka nje ya ukuta.

Makala haya ni ya huyo kijana, na ya yeyote anayejiuliza swali lake. Nimesali pande zote mbili, nina upande wangu, nami nitausema mbele. Ila nadhani swali huulizwa vibaya. Watu huuliza wapi kuna ibada ya kweli na wapi kuna ya uongo, kana kwamba mojawapo imezaliwa mbovu. Mimi nimeziona zote mbili zikiwa hai na nimeziona zote mbili zikiwa zimeoza, na nilichokishika ni kwamba haziozi kwa namna moja. Hapo ndipo pa kuchagulia.

Kwa liturujia nina maana ya Katoliki, Anglikana, KKKT, Moravian na wenzao: ibada yenye mpangilio ulioandikwa, kalenda ya mwaka wa kanisa, masomo yaliyopangwa, sala zinazosemwa kwa pamoja. Kwa ibada huru nina maana ya makanisa ya kipentekoste kama TAG (Tanzania Assemblies of God) na EAGT (Evangelistic Assemblies of God Tanzania), pamoja na huduma binafsi zisizo na dayosisi wala baraza juu yake. Waadventista Wasabato siwaweki upande wowote. Utaratibu wao ni mkali kuliko wa Waanglikana wengi ninaowajua, ila sala za kitabuni hawana.

Kipimo chenyewe

Yule mwanamke Msamaria kisimani aliuliza swali la kulinganisha kama hili letu. Baba zetu waliabudu katika mlima huu, nanyi mwasema ni Yerusalemu. Ni wapi basi? Wahubiri wengi hurukia Yohana 4:23, "waabuduo halisi watamwabudu Baba katika roho na kweli", wakauacha mstari wa 22, ambako Yesu anamwambia waziwazi kwamba Wasamaria wanaabudu wasichokijua. Hakujibu kwamba popote ni sawa. Alikubali kuwa namna ya kuabudu ina uzito, kisha akakihamisha kipimo kutoka mlimani kwenda kwa mwabudu mwenyewe. Na mazungumzo hayo ya ibada yalikuwa yamepitia kwanza kwa waume watano na yule wa sasa asiye mume.

Amosi ni mkali zaidi. "Niondolee kelele ya nyimbo zako", Mungu anasema katika sura ya 5, na hakuna mahali anapodai kwamba nyimbo hizo zilikuwa mbaya au kwamba waimbaji walikosea sauti. Tatizo lilikuwa sokoni: sura ya 8 inataja mizani za udanganyifu na maskini wanaonunuliwa kwa jozi ya viatu. Paulo naye, katika Warumi 12:1, anapotaja "ibada yenu yenye maana", hataji kuimba wala kusali. Anataja miili itolewe iwe dhabihu iliyo hai.

Kuna ushahidi mwingine wa zamani ambao haunukuliwi sana kwetu, nao umetoka kwa mtu asiye Mkristo. Mnamo mwaka 112, gavana Mrumi aitwaye Plinius, aliyekuwa akitawala Bithinia katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alimwandikia Kaisari kumweleza alichokigundua kwa kuwahoji Wakristo. Walikutana siku maalumu kabla ya alfajiri, wakaimba kwa kupokezana wimbo kwa Kristo kama kwa Mungu, kisha wakajifunga kwa kiapo. Kiapo cha nini? Kutoiba, kutonyang'anya, kutozini, kutovunja ahadi, na kutoikana amana ya mtu anapokuja kuidai. Baadaye walikutana tena kula chakula cha kawaida. Hiyo ndiyo ripoti ya mpelelezi. Ukimhoji leo mtu anayetoka ibadani, kanisa lolote, mara ngapi utasikia habari za amana?

Basi kipimo changu ni hicho: ibada hii inaugusa mkono ulioshika cha mtu? Inaigusa simu ninayoikwepa kwa sababu nadaiwa? Tukilinganisha kwa sauti, mavazi na muda tu, tunalinganisha majengo.

Sala: maneno ya kupewa na maneno ya kujitungia

Hapa nitakaa, maana ndipo mzozo ulipo.

Katika Misa ya Kiswahili waumini wote husema kwamba wamekosa "kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu". Lisikilize hilo la mwisho. Nimehudhuria mikesha mingi ambako watu walitubu kwa sauti na kwa machozi ya kweli, nikasikia uzinzi, hasira, uongo, ulevi. Sikumbuki kumsikia mtu akitubu, bila kusukumwa, kwamba alikuwa na uwezo wa kumtembelea mgonjwa na hakwenda. Mtu akiachwa atunge toba yake mwenyewe, hutubu yale yanayomsumbua. Yasiyomsumbua hayaji mdomoni. Sala iliyoandikwa inakulazimisha kutaja dhambi ambayo hukuwa na habari nayo, na hiyo ni nguvu kubwa ambayo walokole wengi hawaioni kwa sababu wanasikia tu watu wakisoma.

Nguvu ya pili ni siku ambayo huna maneno. Umefiwa, au mtoto yuko ICU, na mtu anakuambia "omba, mama". Utaomba nini? Baba Yetu inakubeba. Zaburi iliyopangwa kusomwa siku hiyo inakubeba, hata kama moyo umekauka. Waliokuzunguka wanaisema kwa niaba yako hadi utakapoweza kuisema tena.

Sasa upande wa pili. Katika kanisa la kipentekoste mtu anakuja mbele, anasema ana uvimbe na upasuaji ni Alhamisi, na watu wawili wanamwekea mikono wakamwombea kwa jina lake, kwa uvimbe wake, kwa Alhamisi yake. Huko kwenye liturujia huyo mtu mara nyingi anaingia katika "wagonjwa wote" na kutoka ibadani bila yeyote kujua kwamba ana uvimbe. Nimeona watu wakihama kanisa kwa sababu hiyo moja tu, na siwezi kuwalaumu. Walitaka Mungu awasikie kama wao, na kanisa lao lilikuwa limewasahau ndani ya orodha.

Ila tusidanganyane kuhusu uhuru wa sala huru. Msikilize mzee wa kanisa yeyote wa kilokole akifungua ibada: "Baba katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa siku ya leo, maana wengi walitamani kuiona lakini hawakuiona, si kwamba sisi ni wema sana, bali ni kwa neema yako tu." Kila mtu Afrika Mashariki anaijua sala hiyo kwa moyo, ingawa sijapata kuiona imechapishwa kitabuni. Hiyo nayo ni liturujia, na wala si mbaya. Tofauti ni kwamba ya kitabuni ilipitiwa na watu wengi kwa miaka mingi, wakaondoa na kuongeza, na hii imerithiwa kwa masikio bila mtu kuipitia.

Na hapa ndipo namna mbili za kuoza zinapoonekana wazi. Liturujia huoza kwa kukuruhusu usiwepo. Mdomo unakiri Imani ya Mitume, macho yanahesabu mbao za dari, akili iko kwenye mchezo wa saa kumi. Hakuna atakayekugundua, unaweza kuishi hivyo mpaka ukastaafu na kupewa cheti cha mzee wa kanisa. Ibada huru huoza kwa kukusukuma uigize. Huko kutokuwepo kunaonekana: mikono haijapanda, machozi hayajatoka, hujanena kwa lugha, na kiongozi wa sifa anasema kwenye maiki kwamba kuna mtu humu amefungwa. Mtu mpole, aliyeumbwa na Mungu akiwa kimya, anajifunza baada ya muda mfupi kupiga kelele ili aachwe. Hajaguswa na chochote, amejifunza tu kujikinga.

Nyimbo

Hoja ya kawaida ni kwamba liturujia ni ya Wazungu na ibada huru ni ya Kiafrika. Ukiikagua haisimami. Mwaka 1966 Bernard Kyamanywa, aliyekuwa akisomea uchungaji Makumira, Arusha, aliandika wimbo wa Pasaka kwa Kiswahili juu ya lahani ya Kihaya, na leo Walutheri wa Ujerumani wanauimba kwa Kijerumani katika kitabu chao rasmi cha nyimbo. Huko Kongo, Roma iliidhinisha mwaka 1988 utaratibu wa Misa wa majimbo ya Zaire, wenye kucheza kuizunguka altare na kuwaita mababu wema mwanzoni mwa ibada, na Desemba 1, 2019 Papa Francis aliuongoza utaratibu huo katika Basilika la Mtakatifu Petro. Kwa upande mwingine, pambio lililotafsiriwa kutoka kanisa la Sydney, Australia, likapigwa kwa kinanda kilekile na mdundo uleule, sioni kwa nini liitwe la kienyeji.

Katika huo utaratibu wa Zaire kuna jambo lingine ninalolipenda kuliko ngoma. Toba haiko mwanzoni, iko baada ya mahubiri, na papo hapo inafuatwa na kupeana amani, ndipo vipaji vinapopelekwa altareni. Yaani Neno likuguse, utubu, upatane na jirani, ndipo utoe. Ni Mathayo 5:23 iliyogeuzwa kuwa mpangilio wa ibada: ukikumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako, ukapatane kwanza.

Turudi mtaani. Ubaya wa KKKT mjini, kwa upande wa nyimbo, ni kwaya. Kwaya kuu, ya vijana, ya uinjilisti, ya akina mama. Kila moja ina wimbo wake, na wewe uliyekuja kumwimbia Mungu umegeuka mtazamaji anayepiga makofi. Wapentekoste hapo wanashinda: mapambio ni ya wote, maneno machache, bibi asiyejua kusoma anayashika mara ya pili. Ubaya wao ni spika. Ikifika hatua huisikii sauti yako mwenyewe wala ya aliye kando yako, mnaimba kila mtu peke yake ndani ya kelele moja.

Fedha

Kila kanisa linaomba fedha, tuache unafiki. Tofauti ni fedha hiyo inaombwa kama nini.

Kwenye liturujia inaombwa kama wajibu. Una bahasha ya ahadi yenye namba yako, kuna sadaka ya kawaida, kuna ya jengo, na baada ya ibada kuna mnada pale nje: mkungu wa ndizi, jogoo amefungwa miguu, mayai kwenye trei, mzee wa kanisa anapaza sauti kama dalali wa kweli. Napenda mnada. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa anadiwe tena, watu wanacheka, na mama aliyekuwa hana fedha taslimu ametoa alichonacho mbele ya wote. Lakini wajibu nao una sumu yake: mtu anaweza kulipa ahadi yake yote na kuona amemaliza na Mungu kwa mwaka huo.

Kwenye ibada huru, hasa huduma za mtu mmoja, inaombwa kama mbegu. Panda, utavuna. Siku ukiwa hujavuna, utaambiwa imani yako ilikuwa ndogo au ardhi uliyopanda si hii. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msukumano wa kwenda kukanyaga mafuta ya upako. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wagonjwa, wenye madeni, wenye watoto wasio na kazi, na walikuwa wameambiwa kwamba baraka iko pale chini, umbali wa hatua chache.

Mlutheri asijipongeze kabla hajakumbuka Samunge. Kikombe cha Loliondo mwaka 2011, cha dawa ya mitishamba iliyosemwa kuponya kila ugonjwa, shilingi 500 kwa mtu, kilitolewa kijijini hapo na mchungaji mstaafu wa KKKT, na ile foleni ya magari ilikuwa na watu wa kila dhehebu, waliozoea liturujia tangu utotoni. Kitabu cha sala hakikuwazuia. Ninachoweza kusema kwa haki ni kwamba pale penye sinodi, halmashauri, mkaguzi na mapato ya Jumapili iliyopita yanayosomwa kwenye matangazo, mtu mmoja hupata shida kidogo kuligeuza kanisa kuwa mali yake. Uliza swali hili kanisa lolote unalolifikiria: nani anaweza kumwambia mchungaji "hapana", na je, imewahi kutokea? Wakikosa jibu, ondoka, hata kama sifa ni tamu.

Siku ya shida

Hapa sina mengi. Wakatoliki wana jumuiya ndogondogo, zilizopewa kipaumbele na maaskofu wa Afrika Mashariki tangu miaka ya 1970, na KKKT wana jumuiya zao za mtaa. Zikifanya kazi, msiba wako unabebwa kabla hujaomba: turubai, viti, sufuria, zamu ya kulala. Zisipofanya kazi zinageuka daftari la mahudhurio, na unalisikia daftari hilo siku unayohitaji kubatizia mtoto. Wapentekoste wana makanisa ya nyumbani, na kwa uzoefu wangu wanakufuata haraka zaidi. Ukikosa Jumapili moja, Jumatatu simu imeita. Wengine huona huko ni kufuatiliwa. Mtu mpweke mjini huona ni kupendwa.

Waliokataa kuchagua

Mwaka 1929, Kampala, daktari Mwingereza Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda na akiwa amechoka kiroho, alikutana na Mganda aitwaye Simeoni Nsibambi, wakakaa wakisoma Biblia na kusali. Kutoka hapo ukazaliwa uamsho uliosambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kagera hadi Kenya. Watu walilia, walitetemeka, walikiri dhambi hadharani; yote ambayo leo tunayaita ya kipentekoste. Lakini wengi wao walibaki ndani ya makanisa yao. Jumapili waliendelea kusoma sala zilezile za Kianglikana au za Kilutheri, na katikati ya wiki wakakutana katika ushirika wao, kila mtu akisema alivyotembea na alivyoanguka, kisha wakaimba "Tukutendereza" kwa Kiganda hata pale ambapo hakuna aliyekijua.

Kilichowashtua majirani hakikuwa machozi. Ni kwamba walokole hao walianza kurudisha vitu. Mtu anakuja mlangoni na ng'ombe, au na kifaa alichokiiba kazini, au na fedha aliyomdhulumu mwajiri, anasema Yesu ameniokoa, hiki ni chako. Tumerudi kwa Plinius na amana. Josiah Kibira wa Bukoba, Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, mwaka 1977, alikuwa mtu wa uamsho huo na askofu wa kanisa la liturujia kwa wakati mmoja, wala sijasikia kwamba vilimgombanisha.

Zamani zaidi ya hapo, katikati ya karne ya 2, Mtakatifu Yustino mfiadini alieleza ibada ya Jumapili ilivyokuwa. Masomo ya mitume na manabii husomwa kadiri muda unavyoruhusu, kiongozi huhubiri, wote husimama kusali, mkate na divai huletwa. Kisha kiongozi hutoa sala za shukrani "kadiri ya uwezo wake", na watu huitikia Amina. Mpangilio ulikuwepo, na ndani ya mpangilio kulikuwa na nafasi ya mtu kuomba kwa maneno yake. Halafu mashemasi waliwapelekea wasiokuwepo, na michango ikawekwa kwa ajili ya yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Ukilisoma hilo, unaona pande zetu mbili zinagombania urithi ambao haukuwa umegawanywa.

Sasa nani aende wapi

Ushauri wangu hauendi na mapenzi ya mtu, unaenda na udhaifu wake. Usichague kanisa linaloufurahisha udhaifu wako.

Kama wewe ni mtu wa kujificha, umesoma, umezoea kukaa benchi la nyuma na kutoka wakati wa matangazo, liturujia pekee itakuzika ukiwa hai. Unahitaji mahali ambapo mtu atakuuliza jina na kukuuliza mara ya pili mambo yamekuwaje. Nenda kwa Wapentekoste, au baki ulipo lakini ujifunge na kikundi cha katikati ya wiki ambacho hakitakuacha usinzie.

Kama wewe ni mwepesi wa kuguswa, unalia ibadani Jumapili na Jumatano umemtukana mke wako, unatafuta mtumishi mpya kila mwaka mpya, basi ibada huru itakulisha hicho hicho kinachokuangusha. Wewe unahitaji sala ambazo hazijali unajisikiaje leo. Kaa chini ya kalenda: Kwaresima ikuambie huzunika hata kama una raha, Pasaka ikuambie furahi hata kama huna kodi ya nyumba.

Mwenye mzigo mkubwa wa sasa hivi, ugonjwa au ndoa inayovunjika, nisingemwambia ahame kanisa katikati ya moto. Aombewe popote wanapomwombea bila kumuuza kitu, kuhama kusubiri.

Mimi nimeketi upande wa liturujia, na Alhamisi nakuwa na ushirika wa watu wachache usio na kitabu. Sababu yangu si kwamba huko ni kutakatifu zaidi. Ni kwamba mimi ni msemaji, nikiachiwa maiki naweza kuomba vizuri sana bila kumaanisha neno lolote. Maneno niliyopewa na wengine yananinyima nafasi hiyo. Ndugu yangu wa damu, mtu wa maneno machache, alitoka KKKT akaenda TAG, na huko ndiko alikojifunza kusali kwa sauti mbele ya watoto wake. Sioni kwamba mmoja wetu amekosea.

Unapokwenda kujaribu, chagua Jumapili ya kawaida. Krismasi kila kanisa ni zuri, na mkutano wa injili si kipimo cha maisha ya kanisa. Sikiliza mahubiri, lakini sikiliza zaidi matangazo, maana ndiyo yanayosema fedha inakwenda wapi na nani anatembelewa. Usitoke haraka.

Na kuna jambo moja la kiutendaji ambalo wahamaji hulijua wakiwa wamechelewa. Karibu kila kanisa la kipentekoste halitauhesabu ubatizo wako wa utotoni. Utatakiwa kubatizwa kwa maji mengi, na bila hapo ushirika kamili na utumishi hutavipata. Kwa Mlutheri, Mwanglikana au Mkatoliki, huko ni kuukana ubatizo wa kwanza, na ukitaka kurudi baadaye kuna taratibu za kurudi kundini za kupitia. Kwa hiyo muulize mchungaji wa huko mapema, na umwambie mama mwenyewe kabla hajaambiwa na watu wa kijijini. Ukiamua kubaki kwenye liturujia, kazi yako ni fupi zaidi: omba barua ya utambulisho usharika ulikotoka, ipeleke ofisini katikati ya wiki wala si Jumapili wakati kila mtu ana haraka, na usiondoke kabla hawajakuandikia jumuiya ya mtaa wako inakutana nyumba gani na saa ngapi.